Mama alifariki tukimwombea. Je, utukufu wa Mungu umeniondokea?

"Shikamoo mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu. Mwaka jana mama yangu aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Watu wa maombi walikuja wodini wakatutamkia Yohana 11:4, kwamba ugonjwa huu si wa mauti bali ni kwa ajili ya utukufu wa Mungu. Tulifunga, tukakesha, mama akafariki. Baada ya arobaini mmoja wao akaniambia imani yangu haba ndiyo iliyozuia utukufu wa Mungu usionekane. Tangu hapo nikiwa ibadani sisikii kitu. Wenzangu wanalia, wengine wanaanguka, wanasema utukufu umeshuka. Mimi nimesimama tu kama gogo. Kwenye mkesha mhubiri mgeni akasema humu ndani wapo akina Ikabodi, watu ambao utukufu umewaondoka, nikaona ananisema mimi. Usingizi nao umekata, naamka saa nane usiku hadi kunakucha. Nafikiria kupanda mlima wa maombi nifunge siku 21 kwa maji tu, ingawa nameza dawa za presha. Je, utukufu wa Mungu umeniondokea? Nifanye nini niuone? Na niendelee kuimba kwaya nikiwa hivi, au nitakuwa mnafiki?"

Marahaba, dada yangu. Pole sana kwa kumpoteza mama, na pole kwa maneno uliyobebeshwa juu ya msiba.

Umeuliza maswali matatu, lakini chini yake nasikia la nne ambalo hukuliandika: je, mimi ndiye niliyesababisha mama afe? Hilo nalijibu kwanza. Hapana. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo iliyomuua mama yako. Hakuna mahali Biblia inaposema imani haba ya binti inaweza kuufungia nje utukufu wa Mungu. Aliyekwambia hivyo huenda alikuwa anatafuta namna ya kuelewa kwa nini maombi yake hayakujibiwa kama alivyotamka, akakuangushia wewe mzigo huo. Usiubebe.

Sasa turudi kwenye andiko lenyewe, maana limekuumiza kwa sababu lilisomwa nusu. Neno la Yohana 11:4 Yesu alilitamka juu ya mtu mmoja, Lazaro wa Bethania, naye alijua atakalofanya. Hakulitoa liwe kauli ya kutamkwa juu ya kila kitanda cha wodi. Na hata Lazaro mwenyewe alikufa. Alizikwa, akakaa kaburini siku nne. Yesu alipofika na kuagiza jiwe liondolewe, Martha alipinga: "Bwana, ananuka sasa, maana amekuwa maiti siku nne." Mtazame vizuri Martha hapo. Hana imani ya kuhamisha milima; ana huzuni, na anaona aibu ya harufu mbele ya waombolezaji. Na huyo huyo ndiye anayeambiwa, "Mimi sikukuambia ya kwamba ukiamini utauona utukufu wa Mungu?" Jiwe likaondolewa akiwa na mashaka yake yote. Kama imani haba ingekuwa na nguvu ya kuzuia utukufu, Lazaro asingetoka. Tena kabla ya hayo Yesu alikuwa amelia machozi, akijua kabisa anakwenda kumfufua. Mungu wa utukufu amelia kaburini, na wewe hukukosea kulia.

Endelea kusoma sura hiyo mpaka mwisho, maana wengi huishia kwenye sanda. Baadhi ya walioshuhudia walikwenda kuwaambia Mafarisayo, baraza likakaa, na tangu siku ile wakafanya shauri la kumwua Yesu. Muujiza uliodhihirisha utukufu ndio uliomsogeza msalabani. Sura inayofuata Yesu anasema, "Saa imefika atukuzwe Mwana wa Adamu," na mara anazungumza juu ya chembe ya ngano inayoanguka katika nchi ikafa. Kwa Yohana, saa ya kutukuzwa haitengani na saa ya kufa. Nimefundisha Injili hii muda mrefu, na bado mahali hapo hunisimamisha: pale ambapo sisi tungesema Mungu ameshindwa, Yohana anasema hapo ndipo alipotukuzwa.

Ndiyo maana Biblia haioni ajabu utukufu wa Mungu kuwapo mahali mtu anapofia. Stefano, katika Matendo 7, alikaza macho mbinguni akauona utukufu wa Mungu, na Yesu amesimama mkono wa kuume. Dakika chache baadaye mawe yalimwua. Kuuona utukufu hakukumwokoa na kifo. Petro naye, mwishoni mwa Injili ya Yohana, anaambiwa ni kwa mauti gani atakayomtukuza Mungu. Sisemi kwamba Mungu alimtaka mama yako augue ili atukuzwe. Sina andiko la kusema hivyo juu yake, na ningejihadhari na yeyote anayekueleza siri za Mungu kuhusu kitanda kile. Ninachosema ni kwamba kifo chake si ushahidi kuwa utukufu ulikosekana wodini.

Twende kwa Ikabodi. Jina hilo linarushwa sana mimbarani, mara nyingi kama kofi, kwa hiyo soma mwenyewe 1 Samweli 4. Israeli wamepigwa na Wafilisti, watu 30,000 wameanguka, sanduku la agano, ishara ya Mungu kuwapo kati yao, limetekwa. Mke wa Finehasi ni mjamzito, karibu kujifungua. Analetewa habari kwamba sanduku limetwaliwa, mkwewe Eli amekufa, mumewe amekufa. Uchungu unamshika papo hapo. Wanawake waliosimama karibu wanamwambia usiogope, umezaa mtoto wa kiume; hajibu, wala haangalii. Kisha anampa mtoto jina Ikabodi, akisema utukufu umeondoka katika Israeli, naye anakata roho.

Dada yangu, yule hakuwa mhubiri anayetaja watu walioachwa na Mungu. Alikuwa mfiwa. Kama kuna mtu katika simulizi hiyo anayefanana nawe, ni yeye, na maneno yake ni kilio cha mtu aliyefiwa na wote siku moja. Ukitaka kujua nani hasa alimchukiza Mungu katika kitabu hicho, rudi sura ya pili: Hofni na Finehasi, makuhani, waliokuwa wakimtuma mtumishi na uma wa meno matatu kuichomoa nyama sufuriani mwa watu waliokuja kutoa dhabihu, na asiyetaka ananyang'anywa kwa nguvu. Hukumu ya Shilo, mahali walipohudumu, iliwahusu walioshika madhabahu, wakaitumia kwa matumbo yao.

Na simulizi haikuishia kwenye kilio cha yule mama. Wafilisti waliliweka sanduku katika nyumba ya mungu wao Dagoni huko Ashdodi. Asubuhi wakamkuta Dagoni ameanguka kifudifudi mbele ya sanduku. Wakamsimamisha. Kesho yake kaanguka tena, kichwa na vitanga vya mikono vimekatika, viko kizingitini. Baada ya miezi saba sanduku lilirudi, likivutwa na ng'ombe wawili wanyonyeshao ambao hakuna mtu aliyewaongoza. Mjane yule alidhani utukufu umetekwa. Kumbe Mungu hakuhitaji mtu wa kumkomboa. Yeye hakuishi kuona hayo, na maandiko hayamlaumu kwa kutoyaona.

Jambo linalofanana na hilo linapatikana kwa nabii Ezekieli. Mwaka wa tano wa uhamisho wa Babeli, yaani 593 K.K., kuhani huyu kijana yuko kando ya mto Kebari katika nchi ya Wakaldayo, mbali kabisa na hekalu. Kwa watu wake, utukufu wa Bwana makao yake ni Yerusalemu, aliyehamishwa kaachwa. Ndipo anapoona mbingu zimefunguka, viumbe hai wanne, magurudumu yenye macho pande zote yanayokwenda kila upande, na juu yake mfano wa utukufu wa Bwana. Wengi tunayapita yale magurudumu kwa sababu yanatutatiza. Mimi nayapenda. Kiti cha enzi chenye magurudumu maana yake kinaweza kwenda, na kimekwenda Babeli, kwa mateka. Ni kweli kwamba sura ya 10 na ya 11 utukufu unaondoka hekaluni, hatua kwa hatua, mpaka unasimama juu ya mlima ulio mashariki ya mji, na mwaka 586 K.K. hekalu likateketezwa. Lakini angalia mpangilio: kabla Ezekieli hajaonyeshwa utukufu ukiacha jengo, alishaonyeshwa utukufu huo huo ukiwa umewafikia waliofukuzwa.

Sasa swali lako kubwa: nifanye nini niuone? Mtu wa kwanza kuliuliza kwa ujasiri alikuwa Musa, Kutoka 33, na aliliuliza wakati mbaya. Watu wametoka kuabudu ndama, mbao za kwanza zimevunjwa, wengi wamekufa. Katikati ya vurugu hiyo anasema, "Nakusihi unionyeshe utukufu wako." Jibu analopewa ndilo lililobadilisha namna yangu ya kuomba. Mungu hasemi nitapitisha moto, ingawa Sinai moto ulikuwapo. Anasema, "Nitapitisha wema wangu wote mbele yako, nami nitalitangaza jina la BWANA mbele yako." Uso hakuonyeshwa, alifichwa katika pango la mwamba, akafunikwa kwa mkono, akaona nyuma tu baada ya Mungu kupita. Alichopewa kwa ukamilifu ni maneno: "BWANA, BWANA, Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli."

Kwa hiyo utukufu wa Mungu, kama Mungu mwenyewe alivyoueleza kwa Musa, ni yeye kujulisha alivyo. Ndiyo sababu Yohana anapotazama maisha ya Yesu anaandika, "nasi tukauona utukufu wake," na kueleza palepale kuwa "amejaa neema na kweli," maneno yaliyo karibu sana na yale ya Sinai. Na Paulo, 2 Wakorintho 4:6, anasema nuru ya elimu ya utukufu wa Mungu iko katika uso wa Yesu Kristo. Uso ambao Musa hakuruhusiwa kuuona, sisi tumepewa ndani ya Injili: uso uliomtazama mwenye ukoma, uliolia Bethania, uliotemewa mate Yerusalemu.

Je, kulia na kuanguka ni uongo basi? Sisemi hivyo. Biblia ina matukio mazito. Sulemani alipoliweka wakfu hekalu, wingu liliijaza nyumba hata makuhani wakashindwa kusimama kuhudumu. Ezekieli alianguka kifudifudi. Wachungaji wa Bethlehemu waliingiwa na hofu kuu. Mungu akimgusa mwenzako hivyo, mshukuru pamoja naye. Kosa linaanza pale mwitikio wa mwili unapogeuzwa kipimo cha nani ana utukufu na nani hana. Petro, Yohana na Yakobo walipanda mlimani Yesu akang'aa mbele yao, na Luka anatuambia walikuwa wamelemewa na usingizi. Musa aliposhuka Sinai na mbao mikononi, uso wake uling'aa naye hakujua. Waliomwona ndio waliojua. Kule Kana, mkuu wa meza aliionja divai asijue ilikotoka. Waliojua ni watumishi walioyateka maji, waliojaza mabalasi sita ya mawe mpaka juu. Sijui walijisikiaje, Yohana haandiki. Anaandika kwamba waliteka, wakapeleka.

Hata katika historia yetu hapa ni hivyo. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi, ulikuwa na watu waliolia na kutetemeka. Lakini kilichowashangaza majirani ni watu kurudisha mali walizoiba, kuungama waziwazi na kuombana msamaha, hata wamisionari na Waafrika wao kwa wao. Wema ule wa Kutoka 34 ulionekana mitaani. Kwa kipimo hicho, binti aliyemuuguza mama yake mpaka mwisho ana sababu ndogo sana ya kujiita Ikabodi.

Nikujibu sasa kuhusu huko kutosikia kitu, na hapa naomba unisikilize kama kaka. Umesema usingizi umekata. Naomba ujiulize: je, ni ibadani tu? Chakula kina ladha? Watoto wakicheka, unacheka? Kama ganzi hiyo iko kila mahali, basi huenda shida yako si ya kiroho kwa asili yake. Msiba mzito unaweza kugeuka ndani ya mtu ukawa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na kuamka saa nane usiku bila kuweza kulala tena ni mojawapo ya dalili zake. Sonona ni ugonjwa, kama presha yako ilivyo ugonjwa, na unatibika.

Eliya aliifikia hali hiyo. 1 Wafalme 19, yuko chini ya mretemu jangwani anaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumwambia afunge. Alimgusa akamwambia ainuke ale. Kando ya kichwa chake kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa akala mara ya pili, kwa sababu, malaika alisema, safari ni kubwa kwake. Baada ya kulala na kula ndipo alipokwenda Horebu, mlima ule ule wa Musa, na huko upepo ukapita, tetemeko likapita, moto ukapita, na Bwana hakuwamo. Baada ya moto, sauti ndogo, ya utulivu.

Kwa hiyo mlima wa maombi na siku 21 kwa maji tu: naheshimu kufunga, nami hufunga. Lakini kwa hali yako nakushauri usifunge hivyo. Baadhi ya dawa za presha hupunguza maji mwilini, na ukizimeza bila kula unaweza kuanguka ghafla. Ukiziacha ili ufunge vizuri, presha inaweza kupanda hadi ikuletee kiharusi. Ukiongeza kukosa usingizi na upweke wa mlimani, hatari inazidi. Kama moyo unakusukuma kujitenga na kuomba, nenda kwa siku moja, na mtu mnayeaminiana, ukiwa umekula na kumeza dawa. Kufunga kwa namna nyingine kupo pia, kwa mfano kuizima simu jioni nzima ukasoma Injili. Daktari wako akiridhia baadaye mfungo mfupi wa chakula, hilo mtalipanga.

Kabla ya lolote, nenda hospitali. Mwambie daktari wa presha habari ya usingizi na msiba, usimwonyeshe kadi ya dawa tu. Omba kuonana na mtaalamu wa afya ya akili; hospitali nyingi za mkoa wanaye. Na kama yanakujia mawazo kwamba ni heri ufe, au watoto wangekuwa salama bila wewe, usisubiri zamu ya kliniki. Mwambie mtu wa karibu siku hiyo hiyo, asikuache peke yako, akupeleke hospitali usiku au mchana. Pia mtafute mchungaji wako ana kwa ana, au mama mchungaji ukiona ni rahisi zaidi, umweleze maneno uliyoambiwa baada ya arobaini. Hilo ni jambo la kichungaji na linahitaji kushughulikiwa na mtu anayewafahamu wote wawili. Akikujibu kwa kukutaka utoe sadaka maalumu ili utukufu urudi, tafuta mwingine wa kukusikiliza.

Kuhusu kuuona utukufu, nakupa kazi ndogo. Musa aliona baada ya Mungu kupita. Chukua daftari, uandike miezi ya ugonjwa wa mama jinsi ilivyokuwa: nani alimwogesha, nani alileta uji wodini, nani alikupigia simu usiku, siku gani maumivu yalipungua mkalala. Andika na yale mabaya, na hasira zako kwa Mungu usizifiche. Kisha usome Kutoka 33 na 34 kandokando ya daftari hilo, taratibu, hata kwa wiki kadhaa. Huenda usione kitu kwa mara ya kwanza. Usijilazimishe kuona.

Mwisho kwaya. Imba. Mnafiki ni anayejifanya ana kile asicho nacho ili asifiwe, na wewe umeniandikia ukweli mtupu. Katika Zaburi kuna ya 88, ambayo kichwa chake kinasema ni ya wana wa Kora, waimbaji wa hekalu, nayo haina hata ubeti mmoja wa kugeuka kuwa furaha. Inaanza kwa kilio cha usiku na kuishia gizani. Waliiweka katika kitabu cha nyimbo za ibada, na ilikusudiwa iimbwe. Kwa hiyo siku ambayo huna shangwe, simama kwenye sauti yako ya pili, uache wenzako wakubebe katika beti usizoweza. Na siku ambayo huwezi kabisa, mwambie mwalimu wa kwaya unapumzika, ukakae benchi la nyuma na watoto wako.